Kuzoesha injini ya vespa

Kuzoesha injini ni namna ya kuendesha injini mpya, au injini ya zamani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa (ovahoo), katika kilomita zake za kwanza ili pistoni, ringi na silinda zikae pamoja bila kuumizana. Kwa kawaida kipindi hicho huchukua kati ya kilomita 500 na 1,000. Makala hii inahusu skuta za zamani za aina ya Vespa zenye injini ya mipigo miwili, ambazo huonekana sana katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika sehemu nyingine za kisiwa cha Unguja.

Jambo kuu katika kipindi hicho ni joto. Injini iliyotoka kwa fundi ina msuguano mkubwa kuliko injini iliyozoea, na msuguano huzalisha joto. Joto likizidi, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda. Hapo silinda hulazimika kuchongwa tena, na silinda haiwezi kuchongwa mara nyingi.

Vespa na Unguja

Vespa ni skuta ya Kiitalia inayotengenezwa na kampuni ya Piaggio ya mji wa Pontedera. Ilisanifiwa na mhandisi Corradino D'Ascanio, na hataza yake iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Neno "vespa" kwa Kiitalia lina maana ya nyigu. Nchini Uhindi kampuni ya Bajaj ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1971, kisha ikaendelea na skuta yake iliyoitwa Chetak. Baadaye, katika miaka ya 1980, kampuni ya LML ya Kanpur ilianza kutengeneza skuta za muundo wa Vespa PX. Kwa sababu hiyo vipuri vingi vya Kihindi huingia katika skuta za Kiitalia, ingawa ubora wake hutofautiana.

Huko Unguja jina "vespa" hutumika kwa skuta kwa jumla. Chombo hiki kinaufaa Mji Mkongwe, ambako njia nyingi ni nyembamba mno kwa gari. Kinafaa pia kwa safari za shamba, kwa kuwa kisiwa kina urefu wa takriban kilomita 85 tu na karibu chote ni tambarare. Vespa nyingi zimeshafunguliwa injini zaidi ya mara moja, kwa hiyo kuzoesha injini ni kazi inayorudi tena na tena katika maisha ya chombo hicho.

Muundo wa injini

Vespa PX 150, mojawapo ya aina zilizoenea zaidi, ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 57.8. Pistoni husafiri milimita 57 kwenda juu na kurudi, na ujazo wa silinda ni karibu sentimita 150 za ujazo. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hugeuza mwendo wake mara 10,000 katika dakika hiyo, na petroli huwaka mara 5,000.

Mambo matatu ya muundo huu yana uzito katika kuzoesha injini:

Kwanza, injini ya mipigo miwili haina hifadhi ya oili inayozunguka kulainisha pistoni. Oili huingia pamoja na petroli kupitia kabureta, hulainisha krenki, beringi na pistoni, kisha huungua na kutoka na moshi. Petroli ikikatwa, oili nayo hukatwa.

Pili, injini hupoozwa kwa hewa ya feni iliyofungwa kwenye gurudumu la sumaku. Feni huzunguka kwa kasi ya injini, bila kutegemea kasi ya skuta barabarani. Injini ikizunguka polepole huku imebeba mzigo mzito, hewa ya kuipooza huwa kidogo wakati joto ni jingi.

Tatu, silinda ya Vespa nyingi za zamani ni ya chuma cha kusubu, na pistoni ni ya aloi ya alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Pistoni ya milimita 57.8 ikiongezeka joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, kipenyo chake hukua kwa takriban milimita 0.12, wakati silinda hukua kwa takriban milimita 0.06. Aidha, pistoni huwa na joto kali kuliko silinda, kwa kuwa silinda ina mapezi yanayopigwa na upepo wa feni. Nafasi iliyoachwa kati yao ni chini ya robo ya milimita, na joto likipanda nafasi hiyo huzidi kupungua.

Yanayotokea ndani ya silinda

Baada ya silinda kuchongwa, husuguliwa kwa mawe maalumu hadi ukuta wake uwe na mikwaruzo myembamba inayokatana. Mikwaruzo hiyo hushika oili. Ukiangaliwa kwa darubini, ukuta huo una vilima na mabonde. Ringi mpya nazo si laini kabisa, wala hazigusi ukuta wa silinda kwa mzunguko wote.

Katika saa za kwanza, vilele vya vilima hivyo husagwa na ringi, na nyuso za pande zote mbili huanza kulingana. Eneo la kugusana huongezeka, mgandamizo hupanda na joto hupungua. Ringi iliyokaa vizuri hufanya kazi mbili: huzuia gesi ya mwako isipite pembeni ya pistoni, na hupeleka joto la pistoni kwenye ukuta wa silinda. Kabla haijakaa, hufanya kazi zote mbili kwa upungufu. Ndiyo maana injini mpya huweza kukwama kwa mwendo ambao baada ya kilomita 1,000 ingeuhimili bila shida.

Saizi za silinda

Silinda iliyolika huchongwa ili kuwa pana zaidi, kisha huwekewa pistoni kubwa kidogo inayoitwa ovasaizi. Pistoni za Vespa hupatikana kwa hatua za milimita 0.2. Silinda ya milimita 57.8 huchongwa kuwa 58.0, halafu 58.2, halafu 58.4. Baada ya hapo hubaki njia ya kuweka silinda nyingine au kuitia silinda ya zamani ala mpya ya ndani.

Mpangilio huo ndio unaofanya kuzoesha injini kuwe jambo zito kwa mwenye chombo. Injini iliyotunzwa huweza kutembea miaka mingi katika saizi moja, lakini injini iliyokwama vibaya katika wiki ya kwanza hupoteza saizi nzima kabla haijatoa faida yoyote. Silinda iliyokuwa na hatua tatu za kuchongwa hubakiwa na mbili. Kwa skuta iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita, ambayo vipuri vyake halisi hupungua, hatua moja ni sehemu kubwa ya umri uliobaki.

Kabla ya kuwasha

Injini nyingi zinazokwama mapema huwa na kasoro iliyokuwapo kabla ya safari ya kwanza. Hivyo mambo yafuatayo hukaguliwa kwanza:

Uvujaji wa hewa. Oili sili za krenki zikiwa zimechoka, au gasketi ya kabureta ikiwa haikukaa sawa, hewa ya ziada huingia. Mchanganyiko wa hewa na petroli huwa mkavu, nao huwaka kwa joto kali. Dalili yake ni injini kupanda mzunguko yenyewe, au kuchelewa kutulia baada ya mkono wa mafuta kurudishwa.

Taimingi. Cheche ikitoka mapema mno, joto la kichwa cha silinda na pistoni hupanda.

Njia ya upepo. Kifuniko cha feni na kifuniko cha silinda lazima viwepo na vifungwe vizuri. Bila hivyo upepo hutawanyika kabla ya kufika kwenye mapezi. Mapezi yenyewe hayapaswi kuwa na tope, mchanga au oili iliyoganda.

Kichujio cha hewa. Barabara za ndani za Unguja zina vumbi jeupe la mawe ya matumbawe. Vumbi hilo likiingia katika silinda mpya husaga kama msasa.

Bomba la moshi. Masizi yaliyoziba bomba la zamani huzuia moshi usitoke na kuongeza joto.

Kutu ni tishio jingine la kisiwani. Ukuta wa silinda iliyochongwa ni chuma kitupu, na hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Injini iliyokwisha kufungwa haifai kukaa wiki nyingi bila kuwashwa. Ikiwa ni lazima ikae, oili kidogo humiminwa kupitia tundu la plagi, kisha injini huzungushwa taratibu kwa kiki ili oili ienee.

Petroli na oili

Vespa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1960 hutumia mchanganyiko wa asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita 5 huhitaji mililita 100, na tangi la PX lenye takriban lita 8 huhitaji mililita 160. Petroli ya chupa ya lita moja na nusu huhitaji mililita 30. Aina za zamani zaidi, za miaka ya 1940 na 1950, zilihitaji asilimia 5. Bomba la sindano kutoka duka la dawa hupima kiasi hiki kwa usahihi kuliko kukadiria kwa kizibo.

Baadhi ya mafundi huongeza oili hadi asilimia 3 katika matangi ya mwanzo. Kuongeza zaidi ya hapo kuna madhara. Oili inayozidi huchukua nafasi ya petroli katika tundu la kabureta, mchanganyiko ukawa mkavu na joto likapanda. Masizi nayo huongezeka kwenye plagi, kichwa cha silinda na bomba la moshi.

Oili ifaayo ni ya injini za mipigo miwili zinazopoozwa kwa hewa, yenye alama kama API TC au JASO FC. Oili ya gari haifai, kwa sababu haikuundwa kuungua pamoja na petroli. Kosa moja hutokea kwa urahisi katika visiwa na miji ya pwani: kutumia oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Oili hiyo nayo ni ya mipigo miwili, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazopoozwa kwa maji, ambazo joto lake ni dogo zaidi.

Oili na petroli huchanganywa katika chombo kando na kutikiswa kabla ya kumiminwa. Oili ikimiminwa peke yake katika tangi, kwa kuwa ni nzito kuliko petroli, huweza kuzama hadi kwenye bomba la chini. Injini hupata oili nyingi mwanzoni na kidogo baadaye. Vespa zenye pampu ya oili huanzishwa kwa petroli iliyochanganywa kwa mkono katika tangi la kwanza, mpaka ihakikishwe kwamba pampu inafanya kazi na haina hewa ndani yake.

Kilomita za kwanza

Injini huwashwa na kuachwa ipate joto kwa dakika chache, kisha huzimwa ipoe kabisa. Zoezi hilo hurudiwa mara mbili au tatu. Kupata joto na kupoa huzikalisha gasketi na boliti, na baada yake nati za kichwa cha silinda hukazwa tena injini ikiwa baridi.

Hadi kilomita 100, safari huwa fupi, za kilomita 10 hivi, zikifuatwa na mapumziko. Mkono wa mafuta hauzidi nusu. Mwendo hubadilishwabadilishwa, kwa kuwa kasi moja isiyobadilika kwa muda mrefu hujenga joto mahali pamoja.

Kutoka kilomita 100 hadi 500, mkono wa mafuta hufunguliwa hadi robo tatu kwa sekunde chache, kisha hupunguzwa. Shinikizo la mwako husukuma ringi zigandamane na ukuta wa silinda, na kupunguza mafuta huipa injini nafasi ya kupoa.

Baada ya kilomita 500, muda wa kutumia nguvu kubwa huongezwa kidogo kidogo. Nguvu yote hutumiwa kwa muda mfupi tu hadi kilomita 1,000 zitimie.

Katika hatua zote, gia hupunguzwa mapema. Kuilazimisha injini kuvuta kwa gia ya nne ikiwa imelemewa ni kosa kubwa, kwani feni huzunguka polepole wakati silinda inachemka. Kubeba mzigo mzito au kupakiana mishikaki, yaani watu watatu juu ya chombo kimoja, hakufai kabisa katika kipindi hiki.

Si vizuri pia kuachia mafuta ghafla baada ya mwendo wa kasi na kuiacha skuta iizungushe injini kwa muda mrefu. Katika hali hiyo pistoni hukimbia bila oili ya kutosha. Waendeshaji wenye uzoefu hushika klachi, au hufungua mafuta kidogo mara kwa mara ili oili ipite.

Barabara na majira ya Unguja

Vichochoro vya Mji Mkongwe si mahali pazuri pa kuzoeshea injini. Mwendo ni wa kusimama na kuondoka, na injini hukaa muda mrefu katika mzunguko wa chini. Kwa Vespa madhara ni madogo kuliko kwa pikipiki zinazopoozwa na upepo wa safari, kwa sababu ya feni, lakini ringi hazipati shinikizo la kutosha.

Kwa safari za awali, njia ya kwenda Bububu, takriban kilomita 10 kaskazini mwa mji, au ya kwenda uwanja wa ndege upande wa kusini, hutosha. Zote ziko karibu na gereji za mjini. Njia ya mashariki inayopita msitu wa Jozani kuelekea Paje, takriban kilomita 50, hufaa kwa hatua ya pili. Matuta yaliyowekwa Jozani kuwalinda kima punju yanamlazimisha mwendeshaji kupunguza mwendo na kuongeza tena, jambo ambalo ndilo injini inalolihitaji. Safari ya Nungwi, karibu kilomita 60, huachwa hadi mwishoni, kwa kuwa barabara ndefu iliyonyooka humvuta mwendeshaji kushika kasi moja.

Upepo nao huhesabiwa. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, anayekwenda Nungwi hukabili upepo, tena katika miezi ya joto kali. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, anayekwenda Paje au Makunduchi ndiye anayeukabili. Kwenda dhidi ya upepo ni sawa na kupanda mlima usioonekana: kasi haibadiliki sana, lakini injini hufanya kazi zaidi. Asubuhi na mapema hufaa kuliko adhuhuri.

Dalili za hatari

Kabla ya kukwama, injini hupungukiwa na nguvu bila sababu, kana kwamba breki imeshikwa kidogo. Sauti yake huwa kavu, na wakati mwingine hulia kama njuga. Mwendeshaji hutakiwa kushika klachi mara moja na kurudisha mkono wa mafuta. Akichelewa, gurudumu la nyuma huweza kusimama ghafla na kumwangusha. Kwa sababu hiyo, katika kilomita za mwanzo vidole viwili hubaki juu ya mkono wa klachi wakati wote.

Injini iliyokwama kidogo mara nyingi huachia ikipoa kwa nusu saa. Hata hivyo kuwaka tena si ushahidi kwamba imepona. Alumini ya pistoni huenda imeganda ukutani mwa silinda, na ringi huenda zimebanwa katika mfereji wake. Kichwa na silinda hufunguliwa, na sababu hutafutwa kabla ya kitu chochote kubadilishwa. Pistoni mpya katika injini yenye oili sili inayovuja itakwama kama ile ya kwanza.

Plagi nayo hutoa habari. Ikiwa ya rangi ya kahawia, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe, injini ina joto jingi au mchanganyiko ni mkavu. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, oili au petroli imezidi.

Injini za mipigo minne

Pikipiki za mipigo minne huzoeshwa kwa kanuni hiyohiyo ya joto na mwendo wa kubadilika, lakini oili yao hukaa ndani ya injini na kukusanya chembe za chuma zinazosagwa. Hivyo oili ya kwanza hubadilishwa mapema. Katika Vespa, chembe za klachi na gia hukusanyika katika oili ya gia, ambayo ni takriban robo lita. Nayo hubadilishwa baada ya kilomita 500 hadi 1,000 za kwanza.

Mitazamo tofauti

Kuna mafundi wanaoshauri upole mwingi, na wengine wanaodai injini itumiwe kwa nguvu tangu mwanzo ili ringi zikae haraka. Kila upande una sehemu ya ukweli. Upole uliopita kiasi hunyima ringi shinikizo, na ukuta wa silinda huweza kung'aa na kuacha kushika oili. Nguvu nyingi mapema huleta joto ambalo silinda ya chuma na pistoni ya alumini haziwezi kulihimili. Kwa injini za zamani zinazopoozwa kwa hewa, njia inayofuatwa zaidi ni ya kati: nguvu ya wastani kwa muda mfupi, ikifuatwa na nafasi ya kupoa.

Kukamilika kwa kipindi

Injini huhesabiwa kuwa imezoea pale inapowaka kwa kiki moja au mbili, inapotulia bila kuzimika, na inapopanda kilima kidogo kama cha Masingini bila kuchoka. Kiki huwa nzito zaidi kuliko siku ya kwanza, ishara kwamba ringi zimeziba na mgandamizo umepanda. Nati za kichwa cha silinda, za bomba la moshi na za kabureta hukaguliwa kwa mara ya mwisho, kabureta husawazishwa, na skuta hurudishwa katika kazi zake za kila siku, pamoja na kubeba abiria.